Kitufe cha Transpozi: Nani Anamfuata Nani Ibadani?

Katika makanisa mengi ya Masasi na Newala, kinanda cha Jumapili siku hizi ni kinanda cha umeme. Siku za juma kinalala chini ya kitenge, na fedha zake mara nyingi zilichangwa msimu wa korosho. Juu ya vibao vyeupe na vyeusi kuna vitufe vidogo vidogo, na kimoja kati ya hivyo wapigaji wetu wanakiita transpozi. Hubonyezwa ibada nzima, kabla ya wimbo, baada ya wimbo, na mara nyingine katikati ya wimbo. Hata hivyo sijawahi kusikia kikitajwa katika kikao cha kamati ya liturujia. Tunajadili mavazi ya kwaya, urefu wa matangazo, na nani ashike kipaza sauti. Kitufe kinachoamua kama mama wa miaka 70 ataweza kuimba au atanyamaza hakina ajenda.

Nakusudia kukihakiki kama tunavyohakiki mahubiri au wimbo mpya. Nitauliza kinatenda nini kati ya watu wanaosali, na kama kinatenda vema.

Kwa wasiopiga kinanda nieleze kidogo. Kila wimbo una kimo chake, yaani mahali Do yake inapokaa, na mahali hapo ndipo walimu wa kwaya wanapaita ufunguo. Kuuhamisha wimbo ni kuupandisha au kuushusha mzima mzima bila kugusa umbali kati ya sauti na sauti. Kwenye kinanda cha zamani kazi hiyo hufanywa na vidole: aliyejifunza wimbo katika C hana budi kuujifunza upya katika E flati, kwa sababu vibao vyeusi vinaingia mahali pengine. Kinanda cha umeme hufanya hesabu badala ya vidole. Hupokea habari ya kibao kilichobonyezwa, hujumlisha au hutoa namba, ndipo hutoa sauti. Weka 3, bonyeza C, nayo E flati italia. Kila namba ni nusu-sauti moja. Vinanda vingi hupanda hadi 12 na kushuka hadi 12, vingine huishia 6. Ile A iliyokubaliwa kimataifa kuwa na mitetemo 440 kwa sekunde hupanda hadi 466 hivi ukiongeza moja, na hushuka hadi 415 ukitoa moja.

Wapigaji wengi wa huku kwetu walijifundisha wenyewe, kwa kumtazama mwenzao na kwa video za kwenye simu. Matokeo yake wanapiga kila wimbo katika C, au kila wimbo katika F shapu kwa sababu vibao vyeusi vimekaa vizuri chini ya vidole, halafu wanakiachia kitufe kazi iliyobaki. Walimu wa zamani, hasa waliolelewa na vinanda vya kukanyaga, hukiita kitufe cha wavivu.

Mashtaka hayo hayana uzito mkubwa. Irving Berlin, Mmarekani aliyetunga wimbo wa Krismasi ambao hata redio zetu hupiga kila Desemba, hakupiga vizuri katika ufunguo wowote ila F shapu. Alinunua piano zilizotengenezwa na Weser Brothers zenye usukani chini ya vibao. Akiuzungusha, mtambo mzima unasogea, na vidole vinabaki kwenye vibao vilevile. Piano yake mojawapo iko leo katika makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Tukirudi nyuma zaidi, katika makanisa ya Leipzig wakati wa Johann Sebastian Bach, vinanda vikubwa vya kanisani vilikuwa juu kwa takribani sauti nzima kuliko ala nyingine. Ili wote wakutane, mpiga kinanda aliandikiwa karatasi yake sauti nzima chini. Hakuna aliyemwita mvivu. Walijua kwamba watu wanaosali pamoja hawafiki na kimo kimoja, na mtu mmoja lazima asogee.

Na sisi wenyewe tumekuwa tukihamisha funguo tangu zamani bila kitufe. Nota za Do Re Mi tulizofundishwa shuleni na kwayani, zile alizozieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, zimejengwa juu ya wazo hilo hasa: Do haina makao ya kudumu. Mwalimu anapiga filimbi au anavuma kwa kinywa, anasema "hii ndiyo Do," na wimbo wote unahamia hapo. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika wimbo wake mwaka 1897 kwa nota hizo, na kwetu ukawa Mungu Ibariki Afrika. Mtungaji aliuweka katika B flati. Simama nje ya shule tatu za msingi asubuhi moja, kuanzia Masasi mjini hadi Kitangari, na utausikia katika funguo tatu tofauti, wala hakuna mtoto aliyebonyeza chochote. Anayekilaani kitufe kwa sababu kinahamisha wimbo anailaani kazi ambayo koo la mwanadamu limefanya siku zote.

Kwa hiyo uvivu wa vidole mimi nausamehe. Uhakiki wangu uko kwenye masikio.

Tazama jinsi wimbo unavyoanza katika ibada ya kawaida. Vitabu vyetu vingi vya nyimbo ni vya maneno matupu. Kitabu cha Tenzi za Rohoni kinachobebwa mfukoni hakina nota wala hakisemi Do ni ipi. Ufunguo wa wimbo namba fulani haukuandikwa popote. Unaishi kwenye koo la mwanzishaji. Na mwanzishaji, hasa ibada za alfajiri na mikutano ya Umoja wa Akina Mama, ni mama mtu mzima ambaye hakuchaguliwa na kikao chochote. Anakohoa kidogo, anaingia na mstari wa kwanza, na wenzake wanamdaka kwenye neno la tatu au la nne. Alipoanzia si bahati nasibu. Amepima, bila kujua kwamba anapima, wamekaa nani pembeni yake, ni saa ngapi, na mstari wa tatu wa wimbo unapanda hadi wapi. Saa kumi na mbili asubuhi sauti za watu ziko chini kuliko saa nne, naye anaanza chini. Huko Newala mwezi Julai, baridi ya uwanda ikiwa imeshika na watu wakiwa wametoka wiki nzima kupulizia salfa kwenye mikorosho, anaanza chini zaidi. Huo ni ujuzi, tena ni ujuzi wa kichungaji.

Sasa mpiga kinanda anaingia. Akiwa na masikio, atatafuta kwa kibao kimoja, sauti ikiwa imepunguzwa, mpaka aipate Do ya yule mama. Kama ni A flati naye hupiga katika C, atashusha 4, atangoja ubeti umalizike, ndipo aingie chini ya watu kama mtu anayetia mkono chini ya mzigo wa mwenzake. Hapo transpozi ni mtumishi mwema kabisa. Bila hicho kijana huyu asingeweza kumfuata mama. Angelazimika kumwomba mama amfuate yeye.

Lakini mara nyingi mambo huenda kinyume. Kijana anaingia kwa nguvu katika C yake, kipaza sauti kimefunguliwa, na mama aliyekuwa A flati ananyanyuliwa nusu-sauti nne kwa mpigo. Anayumba neno moja au mawili, anajaribu, ananyamaza. Wenzake wananyamaza naye. Kwaya inaendelea kwa sababu kwaya ina vijana. Kanisa lina sauti kubwa kuliko dakika moja iliyopita, na waimbaji wachache kuliko dakika moja iliyopita. Kwa kuwa kelele imeongezeka, hakuna anayegundua kwamba watu wamepungua.

Hilo la kwanza ni kosa la kutosikia. La pili ni baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa makusudi, nalo ni ule mtindo wa kupandisha wimbo nusu-sauti kila unapofika ubeti wa mwisho au kiitikio cha mwisho. Tumeupokea kutoka kanda na video za nyimbo za injili. Mpigaji anashika mlio mmoja, kidole kinakwenda kwenye kitufe, wimbo unapanda. Kiitikio tena, unapanda tena. Nimesikia ibada ambapo wimbo ulipanda mara nne, maana yake theluthi nzima ya safari kutoka C moja hadi C inayofuata. Kwenye studio jambo hili halina shida. Mwimbaji mmoja hodari amejiandaa, akishindwa anarudia. Kusanyiko halina marudio. Ubeti wa mwisho wa tenzi zetu nyingi ndio unaosema juu ya kifo, ufufuo na kukutana tena. Ndio ubeti ambao wazee na wafiwa wanaungoja. Nao ndio tunaowanyang'anya.

Wapigaji hujitetea kwamba kupandisha huko "kunainua sifa". Neno hilo lichunguzwe. Msisimko unaoletwa na nusu-sauti ni wa kweli, sikatai. Mwili huusikia kabla akili haijaamua. Ndiyo maana Agostino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliliandikia jambo hili katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Alikuwa amelia machozi kwa nyimbo za kanisa, na bado alijishtaki kwamba wakati mwingine uimbaji ulimgusa kuliko kile kilichoimbwa. Akakumbuka pia habari za Athanasio wa Aleksandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti yake kidogo tu, hata ikawa karibu na kusema kuliko kuimba. Agostino hakuishia kukataza nyimbo. Aliona faida yake, akabaki na mashaka. Nami namfuata mpaka hapo. Ila yeye alikuwa akijihukumu mwenyewe, mtu mmoja aliyesikiliza. Swali letu ni la kusanyiko: ikiwa msisimko wa walio wengi umenunuliwa kwa kimya cha walio dhaifu, tuuite sifa ya nani? Paulo alipowaandikia Wakorintho wa kwanza, sura ya 14, alizitaja filimbi na kinubi kwa jina, na kipimo chake kilikuwa kimoja kwa mambo yote ya ibada: linajenga au halijengi? Majirani zetu Wakatoliki walipewa kipimo cha namna hiyohiyo mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia: ala nyingine zaidi ya kinanda kikubwa zakubalika kama zinafaa kwa matumizi matakatifu na zinawajenga kweli waamini. Hawakuulizwa kama ni za kisasa au za kizamani.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na wapigangoma wa Newala wanaijua siri yake kwa mikono. Kabla ya ngoma kuanza wanawasha majani makavu, wanaisogeza ngozi karibu na moto hadi ikaze na sauti ipande. Ngoma ikilegea katikati ya usiku, inarudishwa motoni. Hiyo nayo ni transpozi, ila ina adabu ambayo kitufe hakina: ngozi ina mwisho wake na mpigaji anauona. Kitufe hakionyeshi mwisho wowote mpaka namba 12. Ngozi inayopasuka ni koo la mtu, na halitoi mlio wa kupasuka, linafungwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa kitufe hawalisemi, pengine kwa sababu kinanda kimetuzoesha tusilisikie. Transpozi hubadilisha kimo, lakini haibadilishi hatua. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Majimaji kuzuka, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, akazinasa nyimbo za watu wa huku kwenye mitungi ya nta, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari yake. Mashine ile ilikuwa na hila yake: ukizungusha mtungi haraka wimbo unapanda na pia unakimbia, bibi anakuwa mtoto. Ndiyo sababu wataalamu wa Berlin, akiwemo Erich von Hornbostel, waliwaagiza wasafiri wapulize filimbi ya sauti inayojulikana mwanzoni mwa kila mtungi, ili atakayesikiliza baadaye aweze kuurudisha wimbo mahali ulipoimbwa. Walijua mashine inaweza kuwahamisha watu bila idhini yao, wakaweka alama ya kuwarudishia. Na walipopima sauti za Afrika, na wale waliokuja baada yao kama Gerhard Kubik, waliona kwamba Wamakonde huimba kwa sauti sambamba, ya pili ikifuata ya kwanza kwa umbali wa tatu, na hatua zenyewe hazilingani kila mara na hatua 12 za kinanda. Msomaji wa Newala hahitaji Mjerumani amwambie hayo. Awasikilize akina mama wakiimba njiani wakitoka shambani. Ile sauti ya pili inakaa mahali ambapo kinanda hakina kibao. Mpigaji atabonyeza kitufe juu na chini akiitafuta, na hataipata, kwa sababu imekaa katikati ya namba mbili. Hapo jibu sahihi ni kuondoa mikono na kuacha watu waimbe.

Vivyo hivyo kuhusu mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo tulizoletewa zilitungwa kwa lugha ambazo mkazo wake umekaa kwingine. Tumezoea kuimba majina matakatifu yakiwa yamekazwa pasipofaa. Upandishe wimbo huo, ushushe, mkazo utabaki ulipo. Padre Stephen Mbunga aliliandikia kitabu kizima suala la muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa, kilichotoka mwaka 1963, naye alikuwa amekwisha kutunga misa kwa muziki wa kwetu. Kizazi chake kilikuwa kikiuliza wimbo wa ibada utokane na nini. Sisi tumepewa kinanda chenye mamia ya milio na tunauliza kipandishwe kiasi gani. Swali letu limekuwa dogo kuliko la kwao, na sioni kwamba tumelijibu vizuri zaidi.

Mtu wa Masasi hawezi kulifikiria neno "kuhamisha" bila kumkumbuka William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926. Yeye na mapadre na walimu wenyeji walilichukua jando, wakaliweka chini ya msalaba, likawa jando la Kikristo: tohara ipo, mafunzo yapo, sala zimeingia, na mambo mengine yameondolewa. Wahubiri wetu hupenda kusema kwamba Lucas "alilihamisha jando kwenye ufunguo wa Injili". Mfano huo unavutia, lakini kwa mpiga kinanda hauko sawa. Kuhamisha ufunguo ni kuacha kila umbali ulivyokuwa. Lucas aligusa umbali wenyewe: nani anamfundisha nani, nini kinasemwa, nini kinanyamaziwa. Hiyo ni kutunga upya, nayo ina uzito na hatari nyingine. Nalitaja hapa kwa sababu kosa hilohilo linafanywa upande wa pili pia. Kuna wanaodhani kwamba wakichukua wimbo wa kigeni wakaushusha mpaka waumini waufikie, basi wameufanya kuwa wa kwetu. Wameufanya ufikike, na hilo ni jema. Kuwa wa kwetu ni kazi nyingine.

Nisieleweke kwamba nataka kinanda kitolewe kanisani, wala kitufe kizibwe kwa gundi, ingawa nimewahi kuona kimezibwa hivyo. Mwalimu mmoja aliyefanya hivyo alipata alichotaka: wapigaji wakajifunza G na F kwa shida, na kila wimbo ukaimbwa katika G au F, iwe alfajiri iwe jioni, wapende wasipende. Alitibu uvivu wa vidole, na waumini ndio waliolipa gharama. Afadhali kijana anayejua C peke yake na kumsikiliza mwanzishaji, kuliko fundi wa funguo zote 12 asiyemsikiliza mtu. Bora zaidi, bila shaka, ni yule ajuaye funguo kadhaa na kusikiliza pia. Umeme ukikatika na kinanda cha kukanyaga kikavutwa kutoka stoo, ndiye pekee atakayeokoa ibada.

Maji yanayonywewa Newala, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 600, kwa sehemu kubwa husukumwa na mashine kutoka bonde la Kitangari. Wanaoendesha mashine hizo hawasukumi kwa kadiri mashine inavyoweza; wanasukuma kwa kadiri bomba linavyostahimili na tangi linavyopokea. Ningependa kamati zetu za muziki zifikiri hivyo. Zianze kwa kuuliza sauti ya juu kabisa ambayo kusanyiko letu linaifikia bila kupiga kelele ni ipi. Makanisa mengi yatakuta ni C au D, ibada ya asubuhi pengine B flati. Wakishaijua, waupime kila wimbo: sauti yake ya juu kabisa isivuke hapo. Hesabu ni ndogo. Wimbo wenye Do hadi Mi ya juu, ukiupiga katika C, unafika E. Kusanyiko linaishia C. Basi shusha 4. Kwaya inapoimba peke yake iko huru kupanda itakavyo, maana hapo waumini ni wasikilizaji na hawakunyang'anywa kitu. Wimbo wa waumini usipandishwe katikati hata mara moja. Na ubeti wa kwanza wa wimbo ulioanzishwa na mtu uachwe bila kinanda.

Kisha iwepo daftari. Vitabu havina nota, basi tuandike sisi: namba ya wimbo, ibada gani, Do ilikuwa wapi mwanzishaji alipoanza, na kama watu waliimba mpaka mwisho. Baada ya mwaka mmoja mtaa utakuwa na kitu ambacho hakipo dukani, yaani funguo za watu wake wenyewe. Mpigaji mpya akija, apewe daftari kabla ya kupewa waya wa umeme.

Mahali pazuri pa kuanza kuliandika ni msibani. Kwenye mkesha wa msiba huku kwetu mara nyingi hakuna kinanda wala spika, kuna turubai, mikeka na taa moja. Nyimbo zinaanzishwa usiku kucha na watu waliochoka, na bado zinaimbwa na wote, hata wale ambao Jumapili hatuwasikii. Simu nyingi sasa zinaweza kuwekwa programu ya kupima sauti, na inaonyesha herufi na namba papo hapo. Mpigaji akae nyuma ya akina mama, simu mapajani, mwanga umepunguzwa kwa heshima ya wafiwa, aandike. Wimbo anaoupiga Jumapili katika C akiukuta msibani umekaa A flati, ubeti baada ya ubeti, na bibi wa watu anauimba mpaka neno la mwisho, basi aandike A flati.